Faili Linakwenda Wapi? Utangulizi wa Usimamizi wa Huduma za Afya ya Akili Jeshini

Katikati ya mwaka 1917, vita vikiwa vimekwama kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, jeshi la Uingereza liliwapiga marufuku madaktari wake kutaja jina la ugonjwa mmoja. Askari aliyeletwa akitetemeka, ulimi umefungwa, miguu haimbebi, asiandikwe tena kuwa ana "mshtuko wa makombora". Kadi yake iandikwe herufi nne, NYDN, zilizomaanisha kwamba ugonjwa haujabainika ila unaelekea kuwa wa mishipa ya fahamu. Kisha fomu ipelekwe kikosini kwake, kamanda ajibu kama ni kweli mtu huyo alikuwa karibu na kombora lililolipuka. Jibu hilo ndilo lililoamua iwapo atahesabiwa majeruhi wa vita, mwenye haki ya kushona utepe wa jeraha kwenye mkono wa koti lake, au atahesabiwa mgonjwa tu, sawa na aliyeshikwa na homa ya matumbo.

Nimeanzia kwenye fomu hiyo kwa makusudi. Wengi wanaoingia katika fani hii huja wakitazamia kujifunza habari za jinamizi, kushtuka ovyo na hasira zisizo na chanzo. Hayo yote yapo, na vitabu vya tiba vinayaeleza vizuri. Usimamizi wa huduma ni jambo jingine. Unauliza nani anaandika nini kumhusu askari, nani anakisoma, na baada ya kusomwa askari huyo anapatwa na nini. Ukiniuliza kwa nini zahanati yenye wataalamu wazuri na dawa za kutosha inakaa bila wagonjwa katikati ya kambi yenye maelfu ya watu, nitakuomba kwanza unionyeshe njia ambayo faili linapita kutoka meza ya daktari.

Uraiani mambo yamegawanyika. Daktari ni mmoja, mwajiri ni mwingine, mwenye nyumba ni mwingine, hakimu ni mwingine. Mwalimu mwenye sonona anaweza kutibiwa mwaka mzima na mkuu wa shule asijue. Jeshini wote hao wamekusanyika chini ya paa moja. Anayekulipa ndiye anayekupa nyumba, ndiye anayekutibu, ndiye anayekupandisha cheo, na ukikosea ndiye anayekushtaki. Daktari naye ana cheo begani. Anampigia saluti kamanda yule yule anayetaka kujua kama Koplo fulani yuko tayari kwenda operesheni mwezi ujao, na swali la kamanda si la umbea, maana anayekwenda doria na mtu asiyelala anahatarisha watu kumi. Daktari wa jeshi ana wateja wawili, mgonjwa na kikosi, na kila mfumo nitakaoutaja hapa ni jaribio la kupanga nani kati yao asikilizwe lini.

Turudi kidogo nyuma. Jina la mshtuko wa makombora lilianza vinywani mwa askari wenyewe. Aliyeliingiza katika maandishi ya kitabibu ni Charles Myers, mwanasaikolojia wa Uingereza, katika jarida la Lancet la Februari 1915, akieleza habari za wagonjwa watatu. Baadaye Myers mwenyewe alilichoka jina hilo, kwa sababu lilielekeza lawama zote kwa mlipuko wakati wengi wa waliougua hawakuwa karibu na mlipuko wowote. Wakuu wa jeshi nao walilichoka kwa sababu yao: kila aliyepewa jina hilo alikuwa njiani kurudi Uingereza. Ndipo vikajengwa vituo vya tiba karibu na mstari wa mbele, ambako askari alipewa usingizi, chakula cha moto, nguo safi na matumaini ya wazi kwamba baada ya siku chache atarudi kwa wenzake. Mmarekani Thomas Salmon alikwenda Uingereza mwaka 1917 kuyachunguza hayo, na jeshi la Marekani likayachukua. Miongo kadhaa baadaye kanuni hizo zilipewa muhtasari unaofundishwa mpaka leo: tibu karibu, tibu mapema, tibu ukitarajia mtu atapona.

Hapa pana mjadala ambao mgeni wa fani anapaswa kuujua tangu siku ya kwanza. Madaktari wa wakati ule waliripoti kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wao walirudi kazini. Edgar Jones na Simon Wessely walipozipitia upya kumbukumbu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2003, walionyesha kwamba takwimu zilikuwa zimepambwa: wengi waliohesabiwa kuwa wamerudi walipangiwa kazi za nyuma, na walioanguka tena hawakufuatiliwa ipasavyo. Kwa upande mwingine, watafiti wa Israeli wakiongozwa na Zahava Solomon waliwafuatilia askari wa vita vya Lebanoni vya 1982 kwa miaka 20, wakakuta waliotibiwa karibu na mapambano walikuwa na dalili chache kuliko wenzao ambao hawakutibiwa hivyo. Mimi sioni kama matokeo haya mawili yanapingana. La kwanza linahusu kilichomfaa kamanda wiki ile, la pili linahusu kilichomfaa mtu kwa maisha yake yote. Meneja anayekuja na kipimo kimoja tu cha mafanikio, mara nyingi hesabu ya waliorudi kazini, ameshaamua mteja wake ni nani hata kabla ya kufungua mlango.

Anayetaka kuona swali hilo la mteja ni nani likiwa uchi asome kesi ambazo Frantz Fanon aliziandika mwaka 1961 kutokana na kazi yake ya udaktari huko Blida, Aljeria. Fanon alitibu waliotesa na walioteswa. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa inspekta wa polisi wa Kifaransa ambaye mateso aliyoyafanya kazini yalikuwa yamemfuata nyumbani, akawa anawapiga mke na watoto. Hakuomba aachishwe kazi hiyo. Aliomba asaidiwe kuendelea nayo bila kusumbuka. Vitabu vya usimamizi havina sura ya kumjibu mtu huyo, nami nadhani ni upungufu.

Kwa muda mrefu majeshi yalitamani njia ya mkato, yaani kuwabaini wanyonge mapema na kuwaondoa. Katika Vita vya Pili vya Dunia Marekani iliwakataa vijana zaidi ya milioni moja kwenye usaili kwa sababu za akili, na bado wodi zilijaa askari waliopasishwa kuwa imara. Somo lililotoka huko ni kwamba mtu yeyote ana kikomo chake, kutegemea muda anaokaa vitani, usingizi anaoupata na jinsi anavyowaamini walio kando yake. Uingereza ilijifunza jambo jingine katika hospitali ya Northfield, Birmingham. Huko Wilfred Bion, S. H. Foulkes na Tom Main waliacha kumtibu askari mmoja mmoja kitandani, wakaigeuza wodi yenyewe kuwa jamii yenye kazi, vikao na wajibu. Tiba nyingi za vikundi tunazozifahamu leo zina asili yake kwenye kambi hiyo ya wagonjwa.

Hamu ya kuchuja ilirudi katika vita vya Iraki na Afghanistani, safari hii kwa kuwapima wanaorejea. Mwaka 2004 Charles Hoge na wenzake walichapisha utafiti wa askari wa Marekani ambao matokeo yake yanapaswa kubandikwa ukutani kwa kila meneja. Kati ya waliokuwa na dalili za ugonjwa, waliotafuta msaada walikuwa kati ya asilimia 23 na 40 tu, na wenye dalili ndio walioogopa zaidi kuonekana dhaifu. Kisha ukaja utafiti wa Christopher Warner mwaka 2011. Askari wa brigedi moja waliorudi kutoka Iraki walijaza dodoso la kawaida lenye majina yao, halafu wengi wao wakajaza jingine lisilo na majina. Kwenye karatasi isiyo na jina, idadi ya waliokiri kuwa na sonona, kiwewe, mawazo ya kujiua na hata hamu ya kupata tiba ilikuwa mara 2 hadi 4 ya ile ya awali. Maswali yalikuwa yale yale, na waulizwa walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni faili.

Waingereza wakaamua kupima upimaji wenyewe. Roberto Rona na timu yake ya King's College London waligawa kwa bahati nasibu platuni 434, zenye askari zaidi ya 10,000 waliotoka Afghanistani. Baadhi zilipata uchunguzi pamoja na ushauri uliolenga hali ya kila mtu, nyingine zikapata ushauri wa jumla. Matokeo yalitoka mwaka 2017, na baada ya ufuatiliaji hapakuwa na tofauti yoyote ya maana, si katika ugonjwa wala katika kutafuta msaada. Nimewahi kuona mapendekezo ya miradi yakianza na ununuzi wa dodoso. Ningeomba waandishi wake wakae jioni moja na makala ya Rona kwanza.

Utafiti wa chuo hicho hicho ulitupa onyo jingine. Katika matokeo yao ya 2010, wenye dalili za msongo wa baada ya kiwewe miongoni mwa askari wa Uingereza walikuwa asilimia 4. Waliokunywa pombe kwa kiwango cha kudhuru walikuwa asilimia 13, na wenye sonona na wasiwasi wa kawaida walikuwa karibu asilimia 20. Kiwewe kinapendwa na magazeti na filamu. Lakini meneja mwenye bajeti ndogo atazame mesi Ijumaa usiku, ndoa zinazovunjika na mikopo isiyolipika. Pombe ni ngumu kuliko kiwewe kwa sababu jeshi lenyewe ndilo linaloiuza kwa bei nafuu na kuiita umoja.

Basi nini kimefanya kazi? Nitataja machache. Kwanza ni umbali. Jeshi la Marekani lilijaribu huko Fort Carson, Colorado, kuwatoa wataalamu hospitali kuu na kuwaweka kando ya makazi ya brigedi, kila bataliani ikiwa na mtaalamu wake anayejulikana kwa jina. Daktari anayewajua makamanda wa kombania anaweza kumpigia Meja simu na kusema "huyu mtoe zamu za usiku kwa wiki tatu" bila kueleza zaidi, na akaaminiwa. Mpango huo ulienea baadaye kwenye jeshi zima la nchi kavu. Pili ni wenzao. Wanamaji wa Uingereza walianzisha utaratibu uitwao TRiM, ambamo askari wa kawaida hufundishwa kukaa na mwenzao baada ya tukio baya, kumsikiliza, na kumtazama tena mwezi mmoja baadaye. Majaribio hayakuonyesha kwamba unazuia ugonjwa. Hata hivyo haudhuru, nao umekubalika vikosini, tofauti na vile vikao vya mara moja vya kuwalazimisha watu wasimulie yaliyowapata, ambavyo tafiti zimevikuta havina faida na pengine vina madhara. Tatu ni mapumziko ya njiani: Wakanada waliorudi kutoka Afghanistani mwaka 2002 walisimamishwa Guam kwa siku chache, na Waingereza baadaye wakafanya hivyo Cyprus kwa saa 24 hadi 36, watu waoge baharini, wanywe bia chache zilizohesabiwa na kulala kabla ya kukutana na familia.

La nne linahusu karatasi, nalo halikuhitaji jengo wala daktari mpya. Fomu ya Marekani ya kuomba kibali cha kushika siri za serikali ilimtaka kila mtu aseme kama ametibiwa akili katika miaka saba iliyotangulia. Askari waliacha kwenda kliniki ili wasilazimike kujibu ndiyo. Mwaka 2008 Waziri wa Ulinzi Robert Gates alitangaza kwamba ushauri nasaha unaotokana na huduma vitani hauhitaji kutajwa tena. Mwaka 2011 ukafuata mwongozo uliogeuza kanuni ya msingi: daktari achukulie kwamba hamwambii kamanda chochote, isipokuwa katika hali zilizoorodheshwa, kama hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine, na hata hapo aseme kiasi kidogo kadiri iwezekanavyo. Sisemi mabadiliko hayo yalimaliza hofu. Nasema ni mfano mzuri wa kazi ya meneja, ambayo mara nyingi ni kusoma fomu ya zamani na kuuliza nani aliliweka swali hili, na analitaka jibu lake kwa kazi gani.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza haya yote yanamhusu vipi. Yanamhusu tangu zamani. Kariakoo ya Dar es Salaam imeitwa kwa jina la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na mwaka 1944 askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana kwenye misitu na matope ya Burma. Elimu ya akili iliyowangoja nyumbani ilikuwa ya watu kama J. C. Carothers, mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, ambaye katika kitabu chake kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alidai kuwa sonona ni adimu kwa Mwafrika, na akalinganisha akili yetu na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Ukianza na imani kwamba mtu hawezi kuumwa ugonjwa fulani, hutamtengea kitanda. Wengi wameshamjibu Carothers, Fanon akiwa mmoja wao, lakini vitanda vilivyokosekana wakati ule havikuota baada ya majibu hayo.

Leo majeshi yetu yako kazini. Uganda na Burundi zilipeleka askari Somalia mwaka 2007, na Kenya iliingia mwaka 2011. Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa. Tarehe 7 Desemba 2017, kituo cha walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, kilishambuliwa kwa saa kadhaa na wanajeshi 15 wa Tanzania waliuawa. Mlinda amani ana mzigo wake wa pekee: amefungwa na amri zinazomkataza kufyatua risasi mpaka masharti fulani yatimie, na huenda akashuhudia kijiji kikichomwa huku akisubiri ruhusa kwenye redio. Waandishi wa miaka ya karibuni huuita mzigo huo jeraha la dhamiri. Dawa ya usingizi haiugusi.

Elimu pia imeanza kutoka kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, pamoja na wenzao wa hapa wamewahoji askari na wapiganaji wa zamani nchini Burundi, na mashariki mwa Kongo wamejaribu tiba ya kusimulia maisha kwa mpangilio wa wakati. Mgonjwa hutandika kamba sakafuni, akaweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila baya, kisha akasimulia tangu mwanzo. Wanachokiri wazi tafiti hizo, na ambacho vitabu vya Ulaya hukwepa, ni kwamba baadhi ya wapiganaji waliwahi kufurahia kupiga, na tiba isiyoruhusu jambo hilo kutajwa haitafika mbali. Kwa meneja kuna faida nyingine: tiba hiyo inaweza kutolewa na washauri wenyeji waliofunzwa vizuri. Kwa nchi ambazo madaktari bingwa wa akili ni wachache na wengi wanakaa miji mikuu, hilo ni jambo la kupangia bajeti.

Tusinakili hata hivyo. Jeshi la Marekani ni kubwa kiasi kwamba askari anaweza kutibiwa kambi moja na kupandishwa cheo kambi nyingine. Majeshi yetu ni madogo, watu walisoma chuo kimoja, wameoleana, na karani wa zahanati ni shemeji wa Sajenti Meja. Kanuni ya siri iliyoandikwa vizuri haimzuii shemeji kusimulia mezani. Ndiyo maana napendelea mipango inayoanza na makarani, wauguzi na wapokeaji simu kabla ya kuwafikia mabingwa. Pia nafikiri hospitali za jeshi zinazohudumia raia, kama Lugalo ya Dar es Salaam, zina nafasi ambayo hatujaitumia vya kutosha: askari aliyevaa kiraia kwenye foleni ya raia hana wa kumtambua. Viongozi wa dini walio jeshini nao wanastahili utafiti makini. Padre na sheikh hawana faili.

Sura zinazofuata zitashughulikia familia na wastaafu, nami sitazitangulia. Swali moja tu lingefaa liambatane na msomaji anapozisoma: askari anapovua sare, kumbukumbu zake za tiba zinabaki wapi, na daktari wa hospitali ya wilaya atajuaje kwamba mkulima aliye mbele yake aliwahi kulinda amani Darfur?

Nimalizie na tatizo ambalo sijaona mfumo wowote ukilitatua. Daktari akiona askari anaweza kujidhuru, lazima aombe asipewe silaha. Kamanda anaambiwa hilo tu, wala haambiwi kilichosemwa chumbani. Asubuhi platuni inapanga mstari mbele ya ghala la silaha, kila mtu anasaini bunduki yake, na mmoja anaachwa mikono mitupu. Hakuna aliyevunja siri, na kabla ya saa nne kambi nzima inajua. Njia mojawapo ni kumwandika "kazi nyepesi", kundi lile lile la wenye magoti mabovu na migongo inayouma, ambao wote wasibebe silaha, ili asiweze kupambanuliwa nao. Nimewasikia maafisa wakiipinga kwa hoja nzito: wenye magoti mabovu wataanza kuhisiwa kuwa wana tatizo la akili, nao wataacha kuripoti magoti. Bado naiunga mkono njia hiyo, kwa sababu goti lililochelewa kutibiwa naweza kulirudia mwezi ujao.